Waya Hauchagui

Kisa hiki ni cha kutunga, ila makosa yaliyomo si ya kutunga. Hutendeka kweli, na redio nyingi zimekufa kwa ajili yake. Mahali ni Ukerewe, kisiwa kikubwa cha Ziwa Victoria. Wakati ni ile miaka ya mwanzo ya ving'amuzi, kabla Deutsche Welle haijafunga mitambo yake ya Kigali mwaka 2015. Wahusika ni wawili: mzee aliyestaafu ualimu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na jirani yake, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu na redio, aliyeitwa Fundi.

Mwalimu alikuwa mtu wa masafa mafupi. Alikuwa mtoto BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, na kijana wa shule Deutsche Welle ilipofuata mwaka 1963. Tangu hapo hakulala bila kupitia habari za dunia. Vijana walipomtania kwamba siku hizi kuna FM, aliwajibu kwamba FM humwambia nauli imepanda, masafa mafupi humwambia kwa nini imepanda.

Redio yake ilikuwa ndogo, ya bendi tisa, ya kutumia betri. Ikitegemea antena yake ya kuvuta peke yake, chini ya paa la bati, ilinong'ona tu, maana bati huzuia mawimbi yasiingie. Kwa hiyo Mwalimu alitandaza waya nje: kiasi cha mita 12 za waya wa shaba wa nyuzi nyingi, ukiwa na gamba lake la plastiki, kutoka pembe ya nyumba hadi kwenye mwembe wa nyuma, mbali na nguzo za umeme. Ncha za waya hazikugusa ukuta wala mti. Kila ncha ilifungwa kwenye kipande cha bomba la plastiki, na hapo ndipo ilipoanzia kamba ya nailoni, kwa sababu tawi bichi lililolowa mvua hupitisha umeme na kumaliza kile kidogo kilichonaswa. Upande wa mwembe kamba ilipita juu ya panda la tawi na kuning'iniza jiwe, ili mti ukiyumba jiwe lipande na kushuka, waya usikatike.

Upande wa nyumba waya uliteremka, ukapinda kidogo chini ya dirisha ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuufuata hadi ndani, ukaishia kwenye kibanio cha chuma. Wakati wa kusikiliza, Mwalimu alikibana kwenye antena ya redio. Akimaliza, alikibanua, akautoa waya nje na kuubana kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini, pale maji ya bafuni yanapotiririka na udongo haukauki.

Fundi aliyaona hayo yote jioni moja alipopita kusalimia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kaa, taarifa ya habari inaanza."

Kabla ya kuwasha redio, Mwalimu alizima ile taa ya kubana matumizi ya umeme, akachomoa chaja ya simu ukutani, wakabaki na kibatari. Fundi akadhani ni ubahili wa wazee. Kisha sauti ikatoka, kavu na safi, ya mtangazaji wa Kiswahili kutoka Japani, na Fundi akasahau kibatari.

Mwalimu akamweleza kinachotokea. Mawimbi ya masafa mafupi, yale ya kati ya megahezi 3 na 30, hupanda hadi kwenye tabaka la juu la anga lililotiwa umeme na jua, kilomita mia na zaidi kutoka ardhini. Huko hupindwa na kurudi chini maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. Mchana zinafika vizuri bendi za juu, kama mita bendi 19 na 16. Giza likiingia, zamu ni ya mita bendi 31, 41 na 49. Ndiyo maana mtu anayetafuta stesheni ya usiku saa sita mchana huilaumu redio bure.

"Sasa Mwalimu," Fundi akauliza, "kama mita 12 zinaleta Japani, mita 60 zitaleta nini?"

"Zitaleta vyote."

"Hivyo vyote ndivyo ninavyovitaka."

"Waya hauchagui, mwanangu. Ukiurefusha, unarefusha na mkono wa unachokitaka na wa usichokitaka. Anayechagua ni wewe, na unachagua kabla hujaupandisha."

Akampa masharti matatu. La kwanza, waya usipite juu wala chini ya waya wa umeme, hata kama ndiyo njia fupi, kwa sababu siku utakapokatika utaangukia humo, na atakayeushika nyumbani hatapata nafasi ya kujutia. La pili, usishuke karibu na vyombo vya umeme. La tatu, usilale umebanwa kwenye redio. Fundi aliitikia yote. Akaja kulitii la kwanza peke yake, na hilo moja ndilo lililomwacha hai kukisimulia kisa chake.

Kesho yake alifumua waya kwenye mota iliyoungua ya mashine ya kusaga, akausokota mara mbili upate nguvu, akaupandisha kwenye mkaratusi mrefu kuliko miti yote ya mtaa. Aliukwepesha nguzo za umeme kwa kuuzungusha nyuma ya viwanja, akaushusha kwenye kibanda chake. Pale uliteremka ukigusana na ubao ambako simu za wateja hupangwa zikichajiwa, ukapita nyuma ya televisheni na king'amuzi chake, ukafika mezani. Ulikuwa na mita 60 na ushee.

Usiku huo aliona maajabu. Redio yake ilikuwa na kidirisha cha namba na kitaa chekundu kinachowaka stesheni inaponaswa. Siku zote kitaa hicho kiliwaka mara chache. Sasa kiliwaka karibu kila alipogusa kitufe cha kutafutia. Akachukua daftari, akaandika masafa moja baada ya jingine hadi ukurasa ukajaa. Asubuhi akampelekea Mwalimu.

Mwalimu akavaa miwani, akasoma taratibu. "Hii Deutsche Welle umeiandika hapa, na tena hapa. Toa namba ndogo kwenye kubwa."

Fundi akatoa. Jibu likawa kilohezi 910.

"Na hawa wengine waliojirudia?"

Akatoa tena. Kilohezi 910.

"Wewe ndiye fundi. Nusu ya 910 ni ngapi?"

Ni 455, na Fundi akanyamaza, kwa sababu namba hiyo aliifahamu. Redio ndogo nyingi hugeuza kila stesheni, iwe ya masafa ya kati au mafupi, kuwa kilohezi 455 ndani yake kabla ya kuikuza. Zile koili ndogo zenye vifuniko vya bati na vichwa vya rangi, alizozigusa maisha yake yote kwa bisibisi, zimesetiwa hapo. Ubaya wa mpango huo ni kwamba stesheni yenye nguvu kupita kiasi huweza kupenya kwa mlango wa nyuma, ikasikika mara ya pili kilohezi 910 chini ya mahali pake halisi. Ikiwa waya ni wa kiasi, mzimu huo hauna nguvu za kujitokeza. Ukiipa redio mita 60, mizimu hufufuka yote. Na jirani mwenye nguvu hakuwa mbali: mitambo ya Kigali, kila mmoja wa kilowati 250, ilikuwa kilomita mia tatu na kidogo kutoka Ukerewe.

"Kwa hiyo ukurasa huu," Mwalimu akasema, "ni wa nusu watu, nusu mizimu. Na Japani iko wapi?"

Japani haikuwemo. Redio iliyoshindiliwa mawimbi mazito hupoteza usikivu kwa yale mepesi, na stesheni za mbali, ambazo ndizo alizotandazia waya, ndizo za kwanza kutoweka. Mwalimu akamshauri aondoe kibanio. Achukue waya wenye gamba, auzungushe mara tatu nne kwenye antena ya redio, chuma kisigusane na chuma. Mawimbi yatavuka hivyo hivyo, lakini kwa kiasi ambacho redio inaweza kukimudu. Kisha akate waya ubaki robo.

Fundi aliona ushauri huo unarudi nyuma. Mtu haongezi kwa kupunguza. Akahitimisha kwamba kasoro iko kwenye redio yake, na akaomba aazimwe ya Mwalimu kwa siku chache.

Mzee alisita, kisha akaitoa. "Sharti langu la tatu unalikumbuka?"

"Nalikumbuka, Mwalimu."

Redio ya Mwalimu nayo ilipofika kibandani ikaanza kuvuma. Ulikuwa mvumo mzito usiokatika, uliofunika mita bendi 31 nzima, ukibadilika kila simu ilipochomekwa au kuchomolewa. Fundi alisafisha swichi, akabadilisha betri, akaongeza waya wa ardhini. Mvumo ukabaki, na kitaa cha redio hii nacho kikawaka muda wote, jambo lililomfariji, maana aliamini kitaa kikiwaka kuna stesheni mahali fulani humo ndani.

Hapa ndipo penye kosa ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Kitaa hupima nguvu ya kinachoingia, hakijui kama ni habari au ni kelele. Chaja ya simu, king'amuzi na taa ya kubana matumizi hazipunguzi umeme kwa transfoma nzito ya zamani. Huukata na kuuunga makumi elfu ya mara kwa sekunde. Katakata hiyo huzaa mawimbi ya redio, na zile za bei rahisi, zilizonyimwa vichujio kiwandani, huyamwaga kwenye nyaya za nyumba, na nyaya za nyumba huyasambaza mtaani. Waya wa antena unaoteremka ukigusana na ubao wa chaja unaanza na kelele hizo kabla haujafikia kitu chochote kutoka angani. Kipimo cha antena ni tofauti kati ya sauti unayoitaka na kelele iliyo chini yake. Antena inayopandisha vyote viwili kwa pamoja haijakupa kitu. Ile inayoshusha kelele tu, hata kama stesheni haikupanda hata kidogo, imekupa kila kitu. Kibatari cha Mwalimu kilikuwa kinafanya kazi kubwa kuliko mkaratusi wa Fundi.

Jioni ya siku ya tatu mbingu ilikuwa safi. Fundi alikusudia kuamka alfajiri ajaribu bendi zinazofunguka wakati huo, akaona hakuna haja ya kubanua kitu atakachokibana tena baada ya saa chache. Akalala humo humo kibandani.

Mtu wa Ukerewe hahitaji kuambiwa kuhusu radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, na ziwa lina zamu yake. Mchana ngurumo hujengeka nchi kavu. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye vuguvugu, na mawingu hupanda huko. Jioni safi kisiwani si ahadi ya usiku safi ziwani. Usiku wa manane ngurumo zilianza mbali, ng'ambo ya visiwa vidogo. Fundi alizisikia akiwa usingizini, akajifunika shuka.

Radi haikupiga mkaratusi, wala haikupiga kibanda. Asubuhi hapakuwa na moshi, wala waya ulioyeyuka, wala harufu ya kuungua. Fundi akawasha redio ya Mwalimu: masafa ya kati yakaimba kama kawaida, masafa mafupi yakawa kimya kabisa, FM ikawa ya kukwaruza. Kwa fundi, hiyo ni anwani kamili. Masafa ya kati hutumia kijiti cheusi chenye koili kilichomo ndani ya redio, hayahitaji antena ya nje. Kilichokufa kilikuwa kwenye njia ya antena ya kuvuta. Akafungua mfuniko, akapima, akaikuta: transista ya kwanza kabisa, ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo kazi yake ni kupokea mawimbi dhaifu kupita yote na kuyapa nguvu. Radi iliyoanguka ziwani, kilomita kadhaa mbali, ilitosha kuamsha katika waya wa mita 60 volti nyingi kuliko ambazo transista hiyo inazivumilia. Hata isingenguruma, upepo mkavu au mvua vingeweza kuujaza waya huo umeme tuli na kuumwagia redio kidogo kidogo.

Alikwenda kwa Mwalimu na redio mkononi, akasimama mlangoni.

"Imepiga wapi?" mzee akauliza kabla hajaambiwa.

"Ziwani, Mwalimu. Mbali sana."

"Na wewe ulilala wapi?"

"Kibandani."

"Umbali wa kitanda na ule waya?"

Fundi akaonyesha kwa mikono. Haikumlazimu kuitanua sana.

"Basi hatuna kesi ya redio hapa," Mwalimu akasema. "Redio ina spea."

Spea hiyo haikupatikana Nansio, mji wa kisiwa hicho; iliagizwa Mwanza, ikaja na kivuko. Bei yake haikufikia ya mlo wa mchana, lakini kwa siku zote za kuingojea Mwalimu alisikiliza FM ya kuazima, akajua nauli imepanda asijue kwa nini. Fundi aliifunga transista bila malipo, kisha akaomba afundishwe upya, safari hii akiwa na kalamu.

Waliushusha ule waya wa mkaratusi. Mwalimu hakutaka waanze kwa kupima miti. Walianza kwa kupima kelele. Usiku, Fundi akashika redio ya betri katikati ya kibanda, akaiweka mahali pasipo na stesheni kwenye mita bendi 31, akazima swichi kuu ya umeme. Mvumo ukaanguka palepale. Akawasha tena, akachomoa kimoja kimoja. Simu zilichangia, taa ilichangia, lakini mkosaji mkuu alikuwa king'amuzi, ambacho kiliendelea kuvuma hata kilipozimwa kwa rimoti, mpaka kilipochomolewa ukutani.

Ndipo wakachagua mahali: nyuma ya kiwanja, mbali na nyumba zote mbili na mbali na nguzo. Mwalimu akampa hesabu ya waya wa sehemu mbili, ambao hufaa mtu mwenye bendi anayoipenda. Unagawanya 143 kwa megahezi za bendi hiyo, unapata urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 9.6, katikati ya mita bendi 31, ni kama mita 14.9, unaukata katikati, kila upande mita saba na nusu hivi. Kati ya sehemu mbili wanaweka kipande cha plastiki, na hapo wanaunga kebo ya antena ya televisheni: uzi wa katikati upande mmoja, wavu wa nje upande wa pili. Wavu huo ndio unaoikinga njia ya kuja ndani, ili kebo inapopita karibu na nyumba isiokote kelele njiani. Asiye na kebo atumie waya mmoja wa mita 10 hadi 15, alimradi uanzie na kuishia mbali na vyombo vya umeme. Kwa redio ndogo ya betri, urefu huo unatosha.

Usiku wa majaribio kitaa kiliwaka mara chache kuliko mwanzo. Daftari lilikuwa na mistari michache. Lakini kila mstari ulikuwa wa stesheni halisi, na Japani ilikuwemo.

Funzo la kisa hiki si kwamba waya mrefu ni mbaya. Wapo wanaotandaza mamia ya mita kwa faida, lakini wana redio zenye vichujio na vipunguza nguvu vya kuubeba mzigo huo, na wana uwanja usio na chaja. Kosa la Fundi lilikuwa kudhani kwamba kinachomkosesha Japani ni uhaba wa mawimbi, na hakuwahi kujiuliza kama ni wingi wa kelele. Aliongeza alichokuwa nacho tele, akaacha palepale kilichokuwa kinamzuia.

Na kuhusu radi, lisiwepo la kubahatisha. Nondo ya ardhini husaidia kuondoa umeme tuli. Haimzuii mtu kufa iwapo radi itapiga waya wenyewe. Kinga ni kubanua kibanio na kuutoa waya nje kila unapomaliza kusikiliza. Aliyengoja hadi ngurumo zisikike ameshachelewa kuushika, na amwachie Mungu na redio yake mpaka zipite.

Kwa hiyo, unayetaka kuisikia dunia: kabla ya kuongeza mita moja ya waya, chomoa chaja moja, na kabla ya kulala, chomoa waya wenyewe, hata kama hakuna wingu.